Waya wa Upande wa Nyuma

Shambani, 6 Februari

Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua umeitika ukiwa umelala chali kwenye kochi la shangazi, miguu juu ya mito, kama mfalme aliyepinduliwa. Sisi huku wazima. Kitukuu wako Meneja ameota meno mawili ya juu na sasa anang'ata watu bila kuangalia cheo. Jina la Meneja limemganda moja kwa moja, maana kila asubuhi lazima nimbebe akague mabanda ya kuku, na asipokagua halali mchana. Yule mwizi wako, mume wangu wa pili, bado yuko na lori lake, na ndiye aliyekuletea barua hii. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo kwenu haina siri. Ninaongea na babu, anayejibu ni shangazi, na jirani wa ghorofa ya juu anachangia.

Sasa Babu, kaa vizuri. Nataka kubadilisha umeme wa shamba.

Huu tulio nao ni uleule uliouingiza wewe, wakati nyumba ina taa tatu na redio. Siku hizi unabeba pampu ya kisima, taa za mabanda, na mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine ya kusaga chakula cha kuku haijawahi kuzunguka hata mara moja, kwa sababu inataka fezi tatu na sisi tuna moja. Pampu ikiwaka, taa zinageuka rangi ya chai. Nikitaka maji ya kuoga lazima kwanza niyaombe radhi mayai.

Basi amekuja fundi wa umeme. Watu wanamwita Kipimo, kwa sababu hatembei bila kile kidude chake cha kubana waya na kusoma umeme unaopita ndani. Amesema tufanye mambo mawili kwa pamoja. Kwanza tuombe shirika la umeme watuletee laini ya fezi tatu, waya mnene na mita mpya. Halafu tuweke paneli za sola kwenye paa la banda refu, zifungwe pamoja na umeme wa shirika. Mchana jua linafanya kazi. Likizidi mahitaji yetu, umeme unatoka kwetu unarudi kwenye nguzo, na mita inaandika kuwa tumewapa. Usiku tunachukua wa kwao. Nikamuuliza, na wa kwao ukikatika? Akasema na sola nayo inajizima, kwa sababu kuna mtoto wa watu amepanda nguzo anatengeneza, na hatutaki umeme wetu umkute huko juu na koleo mkononi. Nilisikitika kidogo, nilidhani jua halina bosi. Basi tutaweka betri moja ndogo kwa ajili ya mashine ya vifaranga peke yake. Sisi wengine tutakaa gizani na heshima zetu.

Haraka yangu ni hii. Kuna mama mwenye duka la vifaranga anataka awe anachukua kwangu kila mwezi. Anataka jibu kabla Juni haijaingia. Na mwizi wako amesema mayai yakiharibika tena tunafunga mabanda, tunahamia chumba cha kupanga huko anakolaza lori. Mimi sitaki, Babu. Meneja atakagua nini huko, ngazi?

Kinachotakiwa kwako ni sahihi tu, maana mita ina jina lako. Karatasi nimeiweka ndani ya bahasha. Swichi kuu ya zamani tumeshaitoa, ilikuwa imechoka.

Ni mimi, mkeo mdogo na mpole.


Kwa shangazi yako, 2 Machi

Mke wangu uliyeolewa kabla sijatoa talaka,

Marahaba. Barua yako imezunguka na lori mpaka imenuka dizeli. Niliisoma nikiwa mbali na jiko. Nyonga yangu ina nafuu, lakini shangazi yako usimwambie, akijua atanituma dukani. Yeye mzima, anapika vizuri na kusema sana. Mwambie Meneja namsalimu kwa heshima zote, na akimaliza kung'ata hapo aje huku, nina mtu wa kumwonyesha.

Nimesoma habari za jua. Lile paa la banda refu nililipiga misumari mwenyewe na ninajua linabeba nini. Linabeba mwewe mmoja, tena awe hajala. Wewe unataka ulipandishie vioo. Na fezi tatu za nini? Mimi nilikuwa na mke mmoja, marehemu bibi yako, na fezi moja, na nyumba ikajaa watoto.

Sahihi nitaweka, sijakataa. Ila kalamu pekee iliyopo humu ndani ina wino mwekundu, na mtu mzima hasaini kwa wino wa kusahihishia hesabu za watoto.

Hiyo swichi imechokaje? Ilikuwa na afya kuliko mimi. Nani aliifungua, na aliona nini ndani?

Huyo Kipimo mwambie asipitepite nyuma ya banda refu, pale kwenye majani marefu. Kuna nyoka.

Majirani hawajambo wote? Hata wa upande wa nyuma? Nauliza kwa ujirani tu.

Babu yako.


Shambani, 16 Machi

Babu yangu mwenye wino,

Shikamoo tena. Ndani ya bahasha kuna kalamu ya bluu. Nimeijaribu kwanza, inaandika. Meneja naye ameijaribu, ndiyo maana ina meno.

Swichi usiiulizie, imepumzika. Paa nalo lisikutishe. Kipimo alipanda, akatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, akaruka mara mbili, na yeye anawazidi mwewe wengi. Amesema mbao za katikati tu ndizo za kuongezea nguvu.

Majirani wote wazima. Wa upande wa nyuma ni mmoja tu, Babu, na unamjua. Ni Mama Vifungo, fundi wa sare za shule, mjane wa watu mwenye pini mdomoni siku zote. Anamshika Meneja nikiwa kwenye mabanda. Meneja anamheshimu kuliko mimi, hajamng'ata hata mara moja. Nilipomwambia unasalimia majirani, akauliza, "Majirani wangapi?" Nikasema wote. Akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa kuna jambo limetushinda. Kipimo alitaka kujua shamba linakula umeme kiasi gani, ndipo aseme paneli ngapi. Akasema tuzime kila kitu, tuwashe kimoja kimoja na yeye anapima. Tukazima pampu. Tukazima mashine. Tukazima taa, nikachomoa hata chaji ya simu. Nyumba ikanyamaza kama imekosana na mtu. Tukaenda kuiangalia mita.

Mita inahesabu.

Kipimo akasema, "Dada, umesahau kitu." Nikasema sijasahau. Akabana waya kwa kidude chake, akasoma, akanitazama. "Kuna mtu anatumia umeme humu, na si kidogo. Kama mtu anapasha maji, au anapiga pasi." Nikasema humu tupo mimi, wewe na Meneja, na hakuna hata mmoja aliyenyooka nguo. Akataka kuufuata waya, lakini nikamkumbusha habari za nyoka wako. Huyo jamaa anapanda nguzo za umeme bila woga, Babu, lakini kwa nyoka alirudi ndani na kuomba chai.

Wewe ndiye uliyeufunga umeme huu. Unakumbuka waya wowote mwingine?

Karatasi ya sahihi bado naisubiri.

Mkeo mdogo.


Kwa shangazi yako, 4 Aprili

Mke wangu mpelelezi,

Sisi wazima. Mvua imenyesha huku, nyonga imelalamika kidogo, nikaikemea. Jirani wa ghorofa ya juu amenunua spika.

Mita ni kama mzee. Hutikisika hata ikiwa haifanyi chochote. Msiitafute ubaya. Mwambie Kipimo aache kuzimazima vitu vya watu, kuku watapata msongo wa mawazo.

Kalamu imefika. Inavuja.

Mama Vifungo alikuwa na kikohozi kila masika. Umesema mzima, lakini anakohoa au hakohoi?

Babu yako.


Shambani, 20 Aprili

Babu,

Shikamoo. Mwizi wako kaleta barua yako na samaki, samaki tumekula. Meneja anasimama kwa kushika kitu, mara nyingi kitu chenyewe ni mkia wa paka. Mama Vifungo hakohoi. Ila utakapofika mwisho wa barua hii nadhani utakohoa wewe.

Nilikwenda nyuma ya banda refu na fimbo na buti za mvua. Nyoka hayupo. Kuna bomba la plastiki limetoka ukutani na kuingia ardhini. Nikafuata mahali udongo ulipotitia, nikapita chini ya uzio, nikatokea kwenye dirisha la Mama Vifungo. Yeye yuko ndani, ananyoosha sketi za shule, pasi inatoa mvuke kama treni.

Nikasema, "Mama Vifungo, shikamoo. Umeme wako unatoka wapi?"

Akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Unatoka ukutani."

"Na hapo ukutani unatoka wapi?"

"Muulize aliyechimba."

"Aliyechimba ni nani?"

"Mtu mwenye nyonga mbaya," akasema. "Kwani wewe ulifikiri aliumizwa na nini?"

Babu, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vitambaa. Kumbe ile nyonga iliyokupeleka kwa shangazi ukafunikwa shuka kama mgonjwa wa vita ni ya mtaro! Mama Vifungo hakucheka, ila shavu lake moja lilimsaliti. Akaniambia, "Alileta mambo mengi nikayakataa yote. Akasema basi, chukua taa. Sasa taa utaikataaje, na mimi natunga uzi kwenye sindano kwa kibatari?" Nikamuuliza kama shangazi anajua. Akasema, "Shangazi yako alinitazama siku moja tu, kama mshono uliokosewa, ikatosha. Wiki iliyofuata babu yako alikuwa ameshapakiwa kwenye gari."

Sasa nami niseme langu, maana nimelibana tangu Januari. Swichi kuu haikuchoka. Iliungua. Ilikuwa wiki ya shule kufunguliwa, na Mama Vifungo ananyoosha sare za shule nzima. Pampu inawaka, mashine inawaka. Nikanusa kitu kama kiatu kinachoungua jikoni. Kipimo alipokuja kuifungua alikuta mahali pa fyuzi pamelala msumari. Alinieleza taratibu, kama anamwambia mtoto: fyuzi kazi yake ni kufa kwa niaba yenu, dada, na msumari haufi. Basi ukaungua ukuta badala yake. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipoegemea kitanda cha Meneja. Rangi ilivimba mpaka kwenye mto. Yeye alikuwa mgongoni kwangu, na ndiyo sababu leo naweza kukuandikia kwa utani. Mayai yote yalipoa. Sikukuambia kwa kuwa ukijua wewe amejua shangazi, naye angesema shamba liuzwe.

Usife kwa hilo. Swichi mpya ni ya kujikata yenyewe. Mzigo ukizidi, inasema tap, tunabaki gizani tukiwa hai. Mashine nimeiacha haina yai hata moja, inasubiri.

Lakini hapa ndipo tumekwama. Kipimo anachora mchoro wa kupeleka shirika. Kila taa, kila soketi, kila mashine lazima ionekane. Waya uliofichwa hawaukubali, kwa sababu sola ikisukuma umeme kwenye waya wasioujua, ipo siku mtu ataushika akidhani umelala. Basi akaniuliza: "Ile nyumba ya nyuma niichoreje? Kama ni ya jirani, waya unakatwa, aombe mita yake na nguzo yake. Kama ni ya mwenye mita, naiweka ndani ya uzio na pasi naihesabu."

Nikamwambia sijui, nitamuuliza mwenye mita.

Babu, nakuuliza. Ni nyumba ya jirani, au ni yako?

Mkeo mdogo.


Shambani, 19 Mei

Babu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mwizi wako amepita huko kwenu mara mbili na anasema zote mbili ulikuwa umelala, mchana kweupe, na viatu miguuni. Shangazi alinipigia akasema umekuwa mkali, unafungua makabati, unatafuta shati la mikono mirefu. Nikamwambia labda ni mvua.

Meneja ametembea hatua zake za kwanza. Alitoka kwangu akaenda kwa Mama Vifungo, sijui niseme nini kuhusu hilo.

Mama wa vifaranga amepita tena. Nimemwomba anivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa mzuri, Babu, wa mtu anayetaka nifanikiwe. Mume wangu naye ameniletea maboksi matupu, ameyapanga mlangoni. Ninayahamishia kwa kuku kila siku, watagie humo.

Kipimo alitaka aukate waya ili mchoro uende. Nikamwambia subiri. Lakini Mama Vifungo ana masikio. Ameichomoa pasi yake, ameifunga kwenye kitambaa, ameiweka juu ya kabati, na sasa ananyoosha kwa pasi ya mkaa huku anakohoa. Nimembembeleza. Akasema, "Sitaichomeka mpaka nijue natumia umeme wa nani." Nikamwambia Kipimo anaweza kuichora nyumba yake ndani ya uzio, tuyamalize. Mwanamke akasimama. "Mimi si banda la kuku, nichorwe bila kuulizwa. Mtu akinitaka ndani ya uzio wake, miguu anayo. Aje aniulize kwa mdomo wake, tena asinitume mjukuu wala waya."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Sijapunguza hata pini.

Mkeo mdogo anayesubiri.


Njiani, 30 Mei

Mke wangu mdogo,

Hujambo. Mimi sijambo, isipokuwa mumeo anaendesha kama anafukuzwa na mahakama, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Karatasi yenye sahihi hii hapa. Nimetumia kalamu yenye meno ya Meneja, haivuji tena.

Huo waya sijui ni waya gani unaouzungumzia. Na kama ningeujua, ningesema ulizikwa vizuri, ndani ya bomba, kwenye kina kinachotakiwa, na mtu aliyeumia nyonga kwa ajili yake. Mambo ya msumari mwulize aliyeuweka. Mimi ninachojua ni kwamba mwanamke akiwa na kazi ya shule nzima, fyuzi inakatikakatika, na mtu huchoka kuonekana anapita kwenye majani marefu kila jioni kwenda kuuliza kama umeme umerudi.

Lile la ukuta na kitanda nimelisoma mara nyingi. Hapo sina utani, mama. Kihamishe leo. Kiweke chumba changu, upande wa dirisha. Chumba mpe Meneja.

Shangazi yako nimemwambia mezani, kwa sauti, mpaka spika ya juu ikazimwa wasikilize vizuri. Alilia. Halafu akaacha kulia akauliza yeye atavaa nini. Nikamwambia fundi wa nguo yupo, ajitahidi tu safari hii amtazame vizuri.

Mwambie Kipimo asichore bado. Penseli aishike.

Barua hii utaletewa na mumeo kupitia mlango wa mbele. Mimi atakuwa amenishusha upande wa nyuma, nina shati la mikono mirefu ambalo limekunjamana safari nzima kwenye mfuko. Usinifuate. Usimtume Meneja, ingawa najua angenisaidia.

Ukimaliza kusoma, washa pampu. Washa na taa zote za mabanda, usibakize hata moja. Kisha kaa na mumeo mnywe chai.

Swichi ikisema tap, jua pasi imeshuka kutoka juu ya kabati. Mwambie Kipimo achore.

Isiposema mpaka mnafunga milango, nitandikieni kwenye kochi.

Babu yako.